Mmea Ulao Wadudu: Namna ya Kuutunza Nje ya Nyumba

Sote tumezoea kuona ng'ombe akila majani, na mbuzi akila majani, na hata viwavi wakiimaliza mboga ya mama bustanini kabla haijafika chunguni. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kuona majani yakila mnyama. Upo mmea mdogo, ambao mara nyingi hauzidi upana wa kiganja cha mtu mzima, unaokaa kimya kama mwindaji aliyejificha, ukimngojea mdudu atue juu ya jani lake. Akitua na kutembea vibaya, jani hufumba ghafla, na mdudu hatoki tena.

Wazungu wameuita mmea huu kwa jina la Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi wa kale, wakaongeza kwamba ni mtego wake wa nzi. Wataalamu huuita Dionaea muscipula. Kwa kuwa haumo katika mimea ya kwetu, sisi katika makala haya tutauita mnasanzi.

Yako mambo mawili yaliyonisukuma kuandika habari zake. La kwanza ni kwamba jamaa zetu wengi siku hizi hupelekwa ng'ambo kwa masomo, askari pamoja na wake zao na watoto wao, nao huuona mmea huu ukiuzwa madukani wakaununua kwa mshangao, kisha ukawafia baada ya majuma machache. La pili ni kwamba katika kuutunza mmea huu kuna funzo ambalo lafaa nyumba yoyote, hata ile isiyokuwa na bustani.

ASILI YAKE

Dunia ni pana, lakini mnasanzi una kwao pamoja tu. Huota wenyewe katika ukanda wa pwani wa majimbo mawili ya Marekani, North Carolina na South Carolina, kuuzunguka mji wa Wilmington, mwendo wa kilomita 120 hadi 160 hivi. Nje ya hapo, kila mmoja unaouona umepandwa na mkono wa mtu.

Mwaka 1760 Gavana wa North Carolina wa wakati ule, Arthur Dobbs, alimwandikia rafiki yake wa Uingereza habari za ajabu hii ya porini kwake. Baadaye, katika mwaka 1768, Mwingereza John Ellis akaupa jina lake la kitaalamu. Watu wengi wenye elimu walikataa kusadiki kwamba mmea waweza kula mnyama. Hatimaye Charles Darwin akaufanyia majaribio mengi, akayatangaza katika kitabu chake cha mwaka 1875 kuhusu mimea ilayo wadudu, na ubishi ukapungua.

Kwa nini basi mmea ule nyama, hali mimea mingine mingi yatosheka na udongo, maji na jua? Jibu ni umaskini wa udongo. Nchi ya mnasanzi ni ya mchanga na kinamasi, yenye misonobari iliyoachana na nyasi chini yake. Udongo wake ni mchachu, nao umeoshwa na mvua hata ukakosa karibu kila chakula cha mimea, hasa naitrojeni. Mimea mingine ilishindwa kuishi hapo. Mnasanzi haukuhama. Ulijifunza kuchuma kutoka katika miili ya wadudu kile ambacho ardhi imeunyima. Nguvu zake hupata kwa jua kama mimea mingine. Mdudu ni kitoweo tu, jua ndilo ugali.

MTEGO UNAVYOFANYA KAZI

Kila jani la mnasanzi lina sehemu mbili. Ya chini ni bapa na kijani kama jani la kawaida. Ya juu ni mtego wenye mbavu mbili zilizofunguka kama kitabu, na ukingoni mwake vimepangwa vimiba virefu kama kope za jicho. Ndani ya mtego mna rangi nyekundu na utamu unaowavuta wadudu. Tena, katika kila ubavu mna nywele chache nyembamba, kwa kawaida tatu. Nywele hizo ndizo walinzi.

Askari yeyote aliyepata kushika lindo usiku atauelewa mmea huu upesi. Mlinzi mwenye akili hafyatui risasi kwa kusikia unyasi mmoja ukitikisika; huenda ni upepo. Husikiliza. Akisikia mara ya pili, hapo ndipo anapojua kwamba kuna mtu. Mnasanzi hufanya vivyo hivyo. Unywele ukiguswa mara moja, mtego hautikisiki. Ukiguswa mara ya pili kabla ya sekunde 20 hivi kupita, mtego hufumba kwa muda wa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa njia hiyo tone la mvua au kijiti kilichoanguka hakiupotezei nguvu zake.

Wala kazi haiishii hapo. Vimiba vya ukingoni huacha nafasi ndogo, ili mdudu mdogo mno apite ajiendee zake. Mkubwa hubaki, na kadiri anavyopapatika ndivyo anavyozigusa nywele. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, walionyesha kwamba mmea huu huhesabu miguso hiyo: baada ya miguso mitano au zaidi, huanza kutengeneza maji makali ya kumyeyusha mateka. Ndipo mtego hujibana pande zote ukawa kama tumbo. Baada ya siku 5 hadi 12 hivi hufunguka tena, na ndani hamna kitu ila gamba kavu. Mtego mmoja waweza kula mara tatu au nne tu katika maisha yake, kisha huwa mweusi ukafa, na mwingine hutoka katikati ya mmea.

Asidhani mtu, kwa hiyo, kwamba akipanda mnasanzi mbele ya mlango atakuwa ameondokana na nzi. Porini mateka wake wengi ni sisimizi, buibui na mbawakawa, na nzi ni wachache. Mmea ulao mdudu mmoja kwa juma hauwezi kushindana na jaa lililo nyuma ya nyumba. Dawa ya nzi ni ile ile tuliyofundishwa siku zote: kufunika chakula, kufukia taka, na kutunza choo.

MMEA ULIOKUFA KWA HURUMA

Mdogo wangu, ambaye ni askari, alipelekwa masomoni North Carolina mwezi Agosti mwaka 2015, akakaa huko mwaka mmoja pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Siku moja shemeji yangu aliuona mnasanzi katika duka la maua, ndani ya kikopo kilichofunikwa kwa plastiki. Watoto walimsihi, akanunua.

Alipofika nyumbani aliuweka dirishani jikoni, mahali pa heshima. Kila asubuhi aliutilia maji ya bomba. Alipoona majani yamelegea, akautia mbolea kidogo ya bustani. Watoto, kwa upande wao, waliulisha vipande vya nyama ya ng'ombe, na kutwa nzima walikuwa wakiitekenya mitego kwa njiti ya kiberiti ili waone inavyofumba. Mwanzoni mwa Oktoba mmea wote ulikuwa umekuwa mweusi, ukinuka uozo. Binti mdogo, aliyekuwa na umri wa miaka sita, alilia akikataa kula chakula cha jioni, akisema kwamba yeye ndiye aliyeuua.

Jirani yao alikuwa mzee mmoja, sajini mstaafu, aliyekuwa na safu nzima ya minasanzi uani kwake. Shemeji alimpelekea kikopo kile amwangalizie. Mzee aliugeuza mmea mkononi, akaunusa, akauliza maswali matatu: ulikaa wapi, ulinyweshwa nini, na ulilishwa nini. Alipokwisha kujibiwa alisema, "Binti yangu, mmea huu haukufa kwa njaa. Umekufa kwa huruma."

Kisha akaenda kwake, akarudi na mnasanzi mwingine ndani ya chombo kirefu cha plastiki, akamkabidhi yule mtoto kwa sharti moja: usiingie ndani ya nyumba hata siku moja. Mafundisho aliyowapa katika miezi iliyofuata, pamoja na yale yanayokubaliwa na watunzaji wa mmea huu, ndiyo tutakayoyaeleza hapa chini.

JUA

Mnasanzi ni mmea wa uwanda wazi. Wataka jua lenyewe, si mwanga wa kupitia pazia, kwa muda usiopungua saa nne hadi sita kila siku, na zaidi ya hapo ni bora. Kwa sababu hiyo mahali pake ni nje: uani, barazani upande wa jua, au juu ya ukuta mfupi. Mmea uliopata jua la kutosha huwa imara, na mitego yake huwa myekundu ndani. Uliokosa jua huwa na majani marefu, membamba na malegevu, na mitego yake hufumba kwa uvivu au haifumbi kabisa.

Mmea uliotoka dukani au ndani ya nyumba usitolewe juani kwa ghafla, maana utaungua. Uzoeshwe kidogo kidogo: siku za kwanza jua la asubuhi tu, kisha uongezewe muda kwa juma moja au mawili. Kile kifuniko cha plastiki kiondolewe. Watu hudhani kwamba kinausaidia, kumbe juani huugeuza mmea kuwa kitu kilichotiwa tanurini.

MAJI

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Maji ya bomba na ya kisima yana chumvi na chokaa. Sisi hatuzihisi tunapoyanywa, na mahindi hayajali. Lakini mizizi ya mnasanzi, iliyozoea udongo usio na kitu, huunguzwa nazo. Chumvi hizo hujikusanya chunguni siku hata siku, na mmea hufa polepole pasipo mwenyewe kujua sababu. Kuyachemsha maji hakusaidii, kwa kuwa maji huondoka kwa mvuke na chumvi hubaki.

Maji yafaayo ni ya mvua, au yale yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji. Shemeji aliweka pipa safi chini ya mchirizi wa paa, akaacha mvua ya kwanza ioshe vumbi la paa kabla ya kuanza kukinga.

Njia nzuri ya kuunywesha ni kukiweka chombo chake ndani ya sahani yenye maji ya kina cha sentimita moja au mbili, mmea unywe kutoka chini. Siku za joto udongo usikauke hata kidogo. Siku za baridi uwe na unyevu tu, usisimamiwe na maji mengi, maana baridi na maji mengi huleta kuoza.

UDONGO NA CHOMBO

Usitumie udongo wa bustani, wala mboji, wala samadi, wala mbolea ya dukani ya aina yoyote. Mmea huu ulikimbia shibe. Ukiulazimisha kushiba, utakufa. Udongo wake ni mchanganyiko wa vitu viwili. Cha kwanza ni peti, yaani masalia ya mimea midogo ya kinamasi yaliyolundikana na kugeuka rangi ya kahawia kwa karne nyingi. Peti hiyo iwe tupu, isiyotiwa mbolea. Watengenezaji wengine huitia, na hilo huandikwa juu ya mfuko. Cha pili ni mchanga mweupe mgumu ulioshwa vizuri, au zile chembe nyeupe nyepesi ziitwazo perlaiti. Wengi huchanganya nusu kwa nusu. Mchanga wa baharini usitumike kamwe, kwa kuwa una chumvi na vipande vya kombe.

Chombo kiwe cha plastiki chenye matundu chini, na kina chake kisipungue sentimita 10, ingawa 15 ni bora, maana mizizi yapenda kushuka. Vyungu vya udongo wa kufinyanga visivyopakwa rangi havifai, kwa sababu hutoa madini polepole na kuyatia katika maji. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili, mwisho wa majira ya baridi, mmea uhamishiwe katika udongo mpya.

Mwenye ua wake mwenyewe huko Carolina aweza kutengeneza kinamasi kidogo. Huchimba shimo la kina cha sentimita 40 hivi, akalitandika plastiki nene, akatoboa matundu machache ubavuni karibu na juu ili maji ya mvua kubwa yapate pa kutokea, kisha akalijaza ule mchanganyiko. Kinamasi cha namna hiyo hushika unyevu kuliko chungu, na mimea hukua humo kama iko kwao.

CHAKULA

Mmea ulio nje hauhitaji kulishwa. Hujiwindia wenyewe. Nyama ya ng'ombe, jibini, mayai na vitu vingine vya mezani huoza ndani ya mtego na kuuambukiza mmea mzima. Ikiwa watoto wanataka sana kuona, wampe mdudu mmoja mdogo, asiyezidi theluthi moja ya ukubwa wa mtego, kwa mtego mmoja tu, tena mara chache kwa mwezi.

Kuitekenya mitego ni marufuku. Mtego uliofumba bure hukaa kama siku nzima kabla ya kufunguka tena, na umetumia nguvu pasipo pato. Ukidanganywa mara kadhaa hufa bila kula chochote. Mzee yule aliwaambia watoto kwamba kumtekenya mnasanzi ni sawa na kupiga parapanda ya hatari kambini kila usiku kwa mchezo: mwishowe askari watachoka, na siku adui ajapo kweli hawatainuka. Tangu siku hiyo njiti za kiberiti zilirudi jikoni.

USINGIZI WA BARIDI

Mwezi Desemba shemeji aliona majani ya mmea wa binti yake yakianza kuwa meusi, moja baada ya jingine. Mwezi Januari baridi ilipokaza, palibaki vijani vichache vifupi vilivyolala juu ya udongo. Moyo ulimshuka. Aliogopa kumwambia mtoto, akafikiri kuutupa usiku na kudai kwamba paka ameula. Kabla hajafanya hivyo alimwita mzee. Mzee aliutazama, akacheka, akasema, "Umelala. Nawe ungelala, kama ungekuwa umelinda mchana na usiku tangu Aprili."

Hiyo ndiyo siri ambayo wengi hawaijui. Mnasanzi lazima upumzike kila mwaka kwa miezi mitatu au minne ya baridi ya nyuzi 0 hadi 10 hivi za sentigredi. Siku zifupikapo na baridi ianzapo, mitego mikubwa hufa, na uhai wote hurudi katika tunguu jeupe lililo chini ya udongo. Umande ulioganda kidogo hauudhuru. Baridi kali ya kugandisha chungu kizima ndiyo ya kuukinga, kwa kukisogeza chombo karibu na ukuta au kukifunika kwa majani makavu ya misonobari. Majani yaliyokufa yakatwe, ili yasilete kuvu. Ukiunyima usingizi huu kwa kuuweka ndani penye joto, hudhoofika mwaka hata mwaka, kisha hufa.

Katikati ya Machi binti yule alipotoka asubuhi kwenda shule, aliona vichwa vidogo vya kijani vimejikunja mfano wa ngumi za mtoto mchanga. Aliita nyumba nzima. Mmea uliokuwa utupwe ulikuwa umeamka, tena tunguu lake lilikuwa limejigawa mawili.

MAUA NA KUZALISHA

Mwishoni mwa masika ya huko, mnasanzi huchipuza kikonyo kirefu chenye maua meupe. Kimerefuka hivyo ili wadudu wapandishao mbegu wawe mbali na mitego. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walieleza kwamba wadudu wanaoyahudumia maua hayo ni nadra sana kukutwa ndani ya mitego. Mmea wamjua mtumishi na wamjua mateka.

Hata hivyo kuchanua hula nguvu nyingi. Ikiwa mmea wako ni mchanga au dhaifu, kikate kikonyo kingali kifupi, cha sentimita tano hivi. Ukitaka mbegu, kiache. Mbegu zake ni nyeusi, ndogo, zenye kung'aa. Hutawanywa juu ya udongo bila kufukiwa, na miche huchukua miaka mitatu hadi mitano kufikia utu uzima. Njia ya haraka ni kuligawa tunguu wakati wa kuhamisha, au kuling'oa jani pamoja na kipande cheupe cha shina lake na kulilaza juu ya peti yenye unyevu, hadi litoe vichipukizi baada ya miezi miwili au mitatu.

Kuhusu maradhi, hayapo mengi. Vidukari wakiingia, majani mapya hutoka yamepindapinda. Dawa nyepesi ni kukizamisha chombo chote katika maji ya mvua kwa siku moja, wadudu wafe kwa kukosa hewa. Kuvu ya kijivu huondolewa kwa kukata sehemu iliyooza na kuuweka mmea penye upepo na jua.

ASKARI, POLISI NA MNASANZI

Huenda msomaji akauliza, habari za maua zina nini na askari? Zinayo mengi. Baadhi ya mashamba bora ya asili ya mmea huu yamo ndani ya kambi za majeshi ya Marekani, kama vile Camp Lejeune, kambi ya wanamaji iliyo pwani ya North Carolina. Mnasanzi hauwezi kuishi chini ya kivuli cha vichaka, na tangu zamani moto wa radi ndio uliokuwa ukivisafisha vichaka hivyo kila baada ya miaka michache. Moto hula majani ya juu, lakini tunguu lililo chini husalimika. Watu walipoanza kujenga, kufyeka misonobari, kukausha vinamasi na kuzima kila moto, mmea ulipungua sana. Ndani ya kambi hapajengwi ovyo, na maofisa husimamia uchomaji wa nyasi kwa zamu na kwa vipimo. Hivyo uwanja wa mazoezi ya vita umegeuka kuwa makimbilio ya ua dogo.

Adui mwingine ni mwizi. Mwaka 2013, mimea zaidi ya 1,000 iliibwa katika bustani moja ya umma mjini Wilmington. Bunge la jimbo lilikaza sheria, na tangu tarehe 1 Desemba 2014 kuuchimba mmea huu katika ardhi ya umma au ya mtu mwingine bila ruhusa ya maandishi ni kosa kubwa la jinai, lenye adhabu ya kifungo. Mwezi uliofuata, Januari 2015, wanaume wanne walikamatwa na askari wa wanyamapori katika pori la Holly Shelter wakiwa na mimea 970. Wataalamu wa serikali wamepata pia kuipaka mimea ya porini rangi isiyoonekana kwa macho matupu, ambayo hung'aa chini ya taa maalumu, ili polisi waweze kuitambua ikikutwa sokoni.

Wenye tamaa hufanya hayo kwa fedha kidogo tu, hali mmea huu wazalishwa kwa wingi vitaluni. Mnunuzi mwaminifu huuliza kwanza mmea umetoka wapi. Tena, biashara yake kati ya nchi na nchi husimamiwa na mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini, wala haufai kutiwa mfukoni na kuvushwa mpaka bila hati za kibali na za afya ya mimea.

KWETU JE?

Yatupasa kusema kweli: nchi za ikweta si kwao na mnasanzi. Jua tunalo, na maji ya mvua tunayo, lakini hatuna majira ya baridi. Hata Kabale, ambako usiku mtu hujifunika mablanketi mawili, baridi haikazi miezi mitatu mfululizo kama mmea utakavyo, na urefu wa mchana wetu haubadiliki sana. Watunzaji wa nchi za joto hulisafisha tunguu, wakalifunga ndani ya kuvu mwani yenye unyevu na mfuko wa plastiki, wakaliweka katika friji miezi mitatu kila mwaka, kisha wakalirudisha juani. Yawezekana, lakini yataka uangalifu mkubwa, na umeme usiokatika.

Badala ya kumtamani mgeni, tuwatazame wenyeji. Katika vinamasi vyetu huota mimea midogo myekundu yenye matone ya ulimbo juu ya majani. Hiyo ni ndugu wa mnasanzi, nayo hunasa wadudu kwa kunata. Katika maji yaliyotulia huelea mingine yenye vifuko vidogo sana, ambavyo humvuta mdudu ndani kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Watoto wapelekwe wakaione pale pale ilipo, wasiing'oe. Kinamasi tunachokiona hakina faida, tukakijaza takataka, huenda kina maajabu kuliko bustani ya tajiri.

Masomo yalipokwisha mwezi Julai mwaka 2016, binti yule alitaka kuja na mmea wake nyumbani. Hati hazikuwapo, na baba yake ni mtu wa sheria. Walikwenda wote wanne kwa mzee jirani, wakaurudisha uani alikoutoa. Mtoto hakulia safari hii. Alimkumbusha tu yule mzee masharti: maji ya mvua, jua, wala asiutekenye. Mzee alimpigia saluti.

Ndilo funzo nililolitaja mwanzoni. Kupenda kitu si kukijaza kila kilicho chema machoni petu. Ni kukijua kinahitaji nini na kukiacha pale kinapostahili. Subira yavuta heri, na anayejua kungoja majira ya baridi yapite, ndiye atakayeona jani jipya.